USHAURI: Mtungi wa moto wa kumridhisha trafiki



*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibaha na kazi yangu iko Dar es Salaam. Naendesha Noah ya zamani, ile SR40, na mwaka jana tuliifungia mfumo wa gesi asilia ili tupumue kidogo na bei ya petroli. Juzi trafiki alinisimamisha akaulizia mtungi wa kuzimia moto. Nikamtolea kikopo alichonunua mume wangu kwa machinga kwenye foleni, kidogo kama kopo la dawa ya mbu. Askari alikigeuza huku na huku, akacheka, akaniambia nikatafute mtungi wa kweli kabla hatujaonana tena.*

*Sasa kila mtu ana lake. Shemeji anasema nichukue wa hewa ya ukaa kwa sababu poda inaharibu injini. Muuzaji wa vipuri anasema kilo moja inatosha na niuweke kwenye buti. Mume wangu anasema gari likishawaka limewaka, kwa hiyo nichukue wa bei rahisi tu wa kumridhisha askari. Nimsikilize nani? Na moto ukitokea nikiwa na watoto ndani, naanza na lipi?*

*Mwenye Noah, Kibaha*

 Nianze na mume wako, kwa sababu katika hao watatu ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa ameishia njiani. Ni kweli gari likishashika moto sawasawa, viti na dashibodi vikawaka, hakuna mtungi wa mkononi utakaolizima. Hapo hata gari la zimamoto likifika mapema huja kulinda yaliyo jirani zaidi ya kuokoa gari lenyewe. Lakini moto wa gari hauanzi hivyo. Kwa kawaida huanzia upande wa injini au kwenye nyaya: mpira wa mafuta uliozeeka unavujisha petroli juu ya ekzosi yenye joto, waya uliochubuka unagusa bodi, au fundi ameunga redio, taa za urembo au alamu bila kuweka fyuzi. Mwanzoni ni moshi, halafu ulimi mdogo wa moto, na kuna muda mfupi ambao mtu mmoja mwenye mtungi mkononi anaweza kuumaliza. Mtungi wa gari umetengenezwa kwa ajili ya muda huo tu.

Kwa hiyo kila utakachoambiwa dukani kipime kwa maswali mawili: mtungi huu utakuwa mkononi mwangu ndani ya sekunde chache? Na nikiubana, utatoa kitu? Aina, rangi na bei vinafuata nyuma ya hayo.

Kuhusu aina, nakushauri poda kavu ya ABC. Herufi hizo ni za aina za moto. A ni vitu vikavu kama viti, kapeti na plastiki za ndani. B ni vimiminika: petroli, dizeli, oili. C nitairudia, kwa sababu kwako ina uzito wa pekee. Gari lina vyote hivyo vimebanana mahali padogo, na poda ya ABC ndiyo inayoviweza vyote kwa mtungi mmoja. Kiini chake ni fosfati ya amonia. Ikikutana na joto huyeyuka na kuganda juu ya kinachowaka, ndiyo maana inaweza hata kiti kinachofukuta. Utakuta pia mitungi ya BC, mara nyingi kwa bei ya chini. Hiyo hujazwa bikaboneti, na mara nyingine ni bikaboneti ya sodiamu ile ile unayoiweka kwenye keki. Kwa petroli inafanya kazi nzuri. Kwenye kiti itaukatisha moto juu juu, kisha sponji itaendelea kufukuta chini kwa chini hadi iwake upya. Soma lebo: pakiandikwa BC bila A, rudisha.

Sasa shemeji na hewa yake ya ukaa. Anachosema kuhusu uchafu ni kweli. Poda inaingia kila tundu, na ya ABC ikipata unyevu inakula chuma na viunganishi vya nyaya, kwa hiyo ukishaitumia lazima injini ipulizwe na kusafishwa mapema, isiachwe hadi mwisho wa mwezi. Hewa ya ukaa haiachi kitu. Ni mtungi mzuri sana kwenye chumba cha kompyuta au karibu na ubao wa umeme. Barabarani mambo yanageuka. Upepo wa Chalinze utaipeperusha kabla haijafika motoni. Haipoozi chuma, kwa hiyo petroli inayodondokea ekzosi ya moto itawaka tena mara gesi ikitawanyika. Mtungi wa kilo mbili za hewa hiyo, ukijumlisha na chuma chake kinene, hufika kilo tano au zaidi. Nao hauna geji. Kujua kama umejaa ni mpaka uupime kwenye mizani. La kunitia wasiwasi zaidi ni shinikizo. Kwenye nyuzi 20 za sentigredi tayari ni kama bar 57, wakati mtungi wa poda hukaa kwenye bar 12 hadi 15, na joto likipanda shinikizo la hewa ya ukaa hupanda kwa kasi. Una vali ya usalama, ndiyo, lakini vali hiyo ikifunguka ndani ya gari lililofungwa vioo, abiria hawatapata hewa ya kuvuta. Na ile sifa ya kutopitisha umeme, inayofanya wengi wausifie, haina faida kubwa kwenye gari la petroli ambalo betri yake ni ya volti 12.

Mitungi ya povu siipendekezi kwa gari dogo, na ya maji usiiguse: petroli huelea juu ya maji, na utakuwa umeusambaza moto kwa mkono wako mwenyewe. Kile kikopo cha foleni, hata kama ni halisi, kina nguvu ya kuzima karatasi iliyowaka kwenye kisahani cha majivu.

Ukubwa. Muuzaji alikuambia kilo moja. Kwa IST au Vitz ya mtu mmoja nisingebishana naye sana. Kwa Noah yenye viti vya watu saba au nane na watoto ndani, chukua kilo mbili. Mtungi wa kilo moja unamwaga poda yake yote kwa muda wa kama sekunde nane au kumi, na mtu aliyeshikwa na hofu hupoteza mbili au tatu za mwanzo akilenga moshi badala ya moto. Kilo mbili inakupa nafasi ya kukosea mara moja. Zaidi ya hapo, kilo nne au sita, unabeba mzigo ambao hutaweza kuuchomoa haraka, na utamaliza kwa kuutupa nyuma chini ya mabegi.

Kuna namba nyingine kwenye lebo ambayo wauzaji wengi hawaijali. Mitungi iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya huandikwa kitu kama 8A 34B au 13A 70B. Ile 34B ina maana kwamba mtu aliyefundishwa alizima sinia lililowekwa lita 34 za mchanganyiko wa mafuta na maji kidogo. Wewe hujafundishwa, na moto wako hautakuwa kwenye sinia la wazi, kwa hiyo usiichukue kama ahadi. Ila ukiwa na mitungi miwili ya kilo mbili mezani, mmoja 34B na mwingine 70B, unajua poda ya upi imefanya kazi zaidi. Mtungi usio na namba hizo wala alama yoyote ya kiwango, uulizie mara mbili.

Nirudi kwenye C, na hapa unisikilize kwa makini kwa sababu ya gesi yako. Kwenye mitungi inayofuata mfumo wa Ulaya, C ni moto wa gesi. Kwenye inayofuata mfumo wa Marekani, C ni vifaa vyenye umeme. Dukani Dar es Salaam unaweza kukutana na yote miwili kwenye rafu moja. Lakini hata ukiwa na C ya gesi, isikupe kiburi. Mtungi wako wa gesi asilia umejazwa kwa shinikizo la kama bar 200. Gesi inayovuja na kuwaka, ukiizima bila kufunga vali, itaendelea kuvuja bila moto, ikusanyike, na cheche ndogo itafanya kitu kibaya kuliko mwali wa kwanza. Kwa hiyo unachoweza kukizima wewe ni moto wa petroli, wa nyaya au wa kiti ulioko mbali na mtungi wa gesi. Ukiona moto nyuma uliko mtungi huo, au ukisikia mfoko wa gesi, hapo ni mguu niponye.

Hilo linatuleta kwenye buti. Ushauri wa kuweka mtungi wa moto kwenye buti ni wa kawaida sana na una sababu moja nzuri: huko hakupigwi jua kama kwenye dashibodi. Lebo nyingi zinasema mtungi ukae kati ya nyuzi -20 na +60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana wa Januari inaweza kupita 60 bila shida. Lakini nyuma ya gari lako ndiko uliko mtungi wa gesi. Unataka kuinua mlango wa nyuma, uondoe mabegi ya shule na ndoo, halafu ndipo uanze kutafuta mtungi, huku moto uko mbele? Hapana.

Chini ya kiti cha dereva, ambako madereva wa magari ya saluni hupenda kuuweka, kwako hakufai pia. SR40 ina injini chini ya viti vya mbele. Unajua joto linalopanda hapo ukitoka Kibaha hadi mjini kwa foleni. Zaidi ya hilo, moto wa injini kwenye gari lako utatokea hapo hapo unapokalia, na moshi utauona miguuni mwako. Mtungi ulioko hapo utakuwa ndani ya moto wenyewe. Nao usiofungwa vizuri una hatari nyingine: ukifunga breki ghafla unabiringika mbele na kujikita nyuma ya pedeli.

Pahali pa gari lako ni karibu na mlango wa kusukuma, kwenye mguu wa kiti cha safu ya pili, ufungwe wima au ulale lakini kwa kishikio cha chuma kilichokazwa kwa boliti. Kamba za plastiki na vipande vya mpira havitoshi. Gari likigonga, kitu cha kilo tatu na ushee kisichofungwa huruka mbele kwa mwendo uliokuwa nao, na mbele kuna vichwa vya watu. Tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango huo unafungukia ukingoni, mbali na magari yanayopita. Ukishashuka na kuzunguka, unaufungua, unatoa watoto na mtungi mahali pamoja. Funga kishikio, kisha kaa nje na ujaribu kuuchomoa kwa mkono mmoja. Ukihitaji mikono miwili au bisibisi, fundi arudie kazi.

Dukani sasa. Mji una mitungi mingi ya danganya-toto, na mingine ni halisi iliyochoka na kupakwa rangi upya. Usinunue kwenye foleni. Nenda kwenye duka linalouza na kujaza mitungi, lenye mizani na mashine ya kujazia, na anza na geji. Mshale uwe kwenye kijani. Ukiwa kushoto kwenye nyekundu hauna shinikizo, ukiwa kulia umezidishwa. Gonga kioo cha geji kidogo kwa ukucha, maana mshale uliokwama hukaa kwenye kijani hata mtungi ukiwa mtupu. Kisha geuza mtungi chini juu, uuweke karibu na sikio. Unapaswa kusikia poda ikiteremka ndani, taratibu, kama sekunde moja au mbili. Ukisikia donge moja likidondoka, poda imegandamana. Usiposikia kitu kabisa, uliza ndani kuna nini. Lebo huandikwa uzito wote, chuma na poda pamoja; mwambie muuzaji aupime mbele yako. Hapo wadanganyifu wengi hukwama, kwa sababu mshale na rangi vinaweza kughushiwa lakini mizani inasema.

Angalia pini iwe imefungwa kwa uzi wa plastiki ambao haujakatwa. Tafuta mwaka uliogongwa kwenye chuma, mara nyingi upande wa chini. Rangi nene iliyojaa kwenye hizo tarakimu ina lake jambo. Kichwa cha vali kiwe cha chuma. Ukipata wenye bomba fupi la mpira badala ya mdomo uliokaza, chukua huo, utaelekeza poda pembeni bila kuinamia moto. Rangi ya mkanda au lebo nayo inasaidia kwa mitungi ya mtindo wa Uingereza: buluu ni poda, nyeusi ni hewa ya ukaa, rangi ya maziwa ni povu.

Ukishaufunga garini, mtikisiko wa barabara huishindilia poda chini. Mara moja kwa mwezi, siku unayoangalia maji ya rejeta, uchomoe, utazame geji, uugeuze mara kadhaa na usikilize. Mara moja kwa mwaka upeleke kwa mtaalamu. Na siku ukiubana hata kwa nusu sekunde, hesabu kwamba umekwisha: punje za poda hubaki kwenye vali, inashindwa kujifunga vizuri, na shinikizo linatoroka polepole hadi siku utakapouhitaji.

Umeuliza uanze na lipi ukiwa na watoto. Ukiona moshi au kunusa mpira unaoungua, washa taa za hatari na utoke barabarani, ila usiegeshe juu ya majani makavu. Zima kwa ufunguo: pampu ya petroli inasimama, na vali ya umeme ya gesi inajifunga. Vuta breki ya mkono. Kisha watoto, wote, kabla hujagusa mtungi. Mkubwa awashike mkono wadogo, waende mbali, hatua hamsini au zaidi, upande upepo unakotoka na si karibu na lami. Wafundishe hilo nyumbani siku ya Jumapili, kwa sababu siku yenyewe hutakuwa na sauti ya kueleza. Mpita njia yeyote mwambie apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Usingoje kuona kama utashindwa ndipo upige.

Baada ya hapo tazama. Moto ukiwa umeingia ndani ya gari, uko nyuma kwenye gesi, au umekuwa mkubwa kuliko unavyoweza kuusogelea hatua mbili tatu, acha gari liungue. Bado ni mdogo? Simama upepo ukiwa mgongoni, vuta pini, elekeza kwenye kiini cha moto na si kwenye ndimi zake, bana, zungusha kushoto na kulia. Usikifunue kiti cha mbele kuona kinachoendelea. Utaupa moto hewa na utaupata usoni. Puliza kutoka nje, kupitia uwazi wa chini nyuma ya tairi la mbele. Wenye magari ya injini ya mbele nao wanaponzwa na kosa hilo hilo: wanafungua boneti yote. Achia komeo tu, ibaki upenyo wa vidole, uingize poda hapo au kwenye grili. Moto ukilala usiupe mgongo. Chuma bado kina joto na petroli bado inadondoka, kwa hiyo bakisha poda kidogo, rudi nyuma, uendelee kuutazama.

Kwa wasomaji wenye Aqua, Prius na magari ya umeme: mtungi huo huo unafaa kwa moto mdogo wa kiti au nyaya za kawaida, lakini betri kubwa ikianza kutoa moshi ondokeni. Betri ya lithiamu hujizalishia joto yenyewe, poda haiifikii. Na lori la mafuta likipinduka mbele yenu, mtungi wa kilo mbili hauna kazi hapo. Tangu ajali ya lori la mafuta ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walipokufa zaidi ya watu 100, kazi ya dereva ni kugeuza gari na kuwaondoa watu wengine.

La mwisho ni kazi ya kufanya wewe na mume wako. Maduka ya kujaza mitungi yanapokea ya zamani ambayo muda wake umepita, na yenye chuma kizima yanaweza kukuuzia mmoja kwa bei ndogo. Uchukueni, mradi hauna kutu wala mbonyeo, mwende uwanjani mbali na nguo za jirani zilizoanikwa. Wekeni alama ardhini mahali pa moto, upepo mgongoni, na wewe ndiye ubane, siyo yeye, maana dereva wa Noah ni wewe. Utashangaa jinsi pini inavyogoma ukiwa umebana mkono wa vali wakati huo huo, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza, na jinsi poda inavyokwisha kufumba na kufumbua. Kisha mume wako ajaribu kwa unaofuata, kama fedha ipo.

Mshauri wako